Mama yake Lincoln alikuwa mtoto wa nani?

Karibu miaka 150 sasa Wamarekani wanagombana juu ya mwanamke aliyefariki akiwa na umri wa miaka 34 katika mapori ya Indiana, bila kuacha picha, barua wala hata sahihi yake. Jina lake Nancy Hanks. Alimwacha mwanawe, Abraham Lincoln, akiwa mtoto wa miaka tisa. Huyo mtoto akaja kuwa rais wa 16 wa Marekani, na tangu hapo kila tone la damu yake limepata mwenyewe wa kulidai.

Ugomvi wenyewe ni wa nasaba. Kambi moja inasema Nancy alizaliwa nje ya ndoa, mama yake akiwa msichana aitwaye Lucy Hanks na baba yake mtu wa Virginia asiyejulikana jina. Kambi ya pili inasema huo ni umbea uliovikwa koti la historia: Nancy alikuwa mtoto halali wa wazazi waliooana, na anayesema vinginevyo anamchafua mwanamke mcha Mungu akiwa kaburini. Ushahidi umeegemea kambi ya kwanza, na sioni sababu ya kulizungusha hilo. Lakini aliyenifanya niandike ni Lucy. Kambi ya kwanza ilimtaja ili kumfikia mwanamume asiye na jina. Kambi ya pili ilimpa jina la ukoo usio wake, au ikamwondoa kabisa katika hadithi ya mjukuu wake. Pande zote mbili zilimpita njiani.

Habari ilitoka kwa William Herndon, wakili aliyeshirikiana na Lincoln katika ofisi moja huko Springfield, Illinois. Anasimulia kwamba mnamo mwaka 1850 hivi, wakiwa wawili katika kigari cha farasi kuelekea mahakama ya kaunti ya Menard, Lincoln alifungua mdomo kuhusu mama yake. Kesi waliyokuwa wakiiendea ilielekea kugusa suala la tabia za kurithi, na labda ndiyo iliyomchokoza. Alisema mama yake alikuwa binti wa nje ya ndoa wa Lucy Hanks na mkulima au bwana shamba mmoja wa Virginia, mtu wa malezi mazuri. Kwa huyo bwana, Lincoln aliamini, ndiko alikotoa uwezo wake wa kuchambua mambo, mantiki yake, wepesi wa akili na hamu ya kupanda juu. Yote yaliyomtofautisha na akina Hanks wengine. Akaongeza nadharia yake kwamba watoto wa nje ya ndoa mara nyingi huwa imara na werevu kuliko wa ndani ya ndoa. Kisha akasema Mungu ambariki mama yake, kwani yote aliyo nayo na yote anayotumaini kuwa nayo ni kwa sababu yake. Baada ya hapo akanyamaza, na safari ikaendelea kimya.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokwenda mbali. Mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya Lincoln kuuawa, mwandishi Josiah Holland aliyachapisha yakiwa yameongezewa neno moja: ikawa ni “mama yangu malaika”. Tangu hapo yamekuwa mali ya umma. Huchapishwa kwenye kadi za Siku ya Mama, husomwa makanisani, hutundikwa ukutani. Anayeyasoma humwona Nancy akiwa na Biblia mapajani, mtoto miguuni pake, moto ukiwaka. Wapo pia wanaosema Lincoln alimkusudia mama yake wa kambo, Sarah Bush Johnston, aliyeingia nyumbani mwishoni mwa 1819 na kumlea mpaka utu uzima, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Lakini yarudishe maneno hayo ndani ya kile kigari uone yanavyobadilika. Kama Herndon alisikia sawasawa, Lincoln hakuwa akishukuru malezi, wala Biblia, wala kazi ya mikono ya mama yake. Alikuwa akishukuru damu iliyopitia kwake. Nancy hapo ni mfereji tu. Maji ni ya bwana wa Virginia. Sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa mama huyu ni, kwa maana yake ya asili, sifa ya mwanamume ambaye hata yeye Nancy huenda hakupata kumwona.

Na Lincoln alimjua vipi huyo mwanamume? Kwa masimulizi ya Herndon, hakutaja jina lake, kaunti yake wala shamba lake. Alijiangalia mwenyewe, akaona ana akili ambazo hakuziona kwa ndugu zake maskini, akahitimisha kwamba lazima zimetoka kwa mtu mkubwa. Wakili aliyeishi kwa kuvunjavunja ushahidi wa wenzake angeurarua ushahidi wa namna hiyo kabla ya chakula cha mchana. Ndugu wa baba yake, Mordecai Lincoln, alisifika kwa ucheshi na akili nyepesi, na Lincoln mwenyewe inasemekana alitania kwamba mjomba huyo alikimbia na vipaji vyote vya familia. (Namwita mjomba kwa mazoea ya siku hizi, kwa haki ni baba mkubwa.) Na upande wa mama alikuwapo bibi yake Lucy, ambaye tutamfikia. Lakini karne ile watu walikuwa na imani kwamba ubora hushuka kutoka juu, toka nyumba yenye watumishi kwenda kibanda cha magogo, na Lincoln alikuwa mtoto wa karne ile.

Sasa tuwape wapinzani haki yao, maana hoja zao si za watu wajinga.

Kwanza, shahidi ni mmoja. Herndon aliandika habari hii katika barua ya mwaka 1870, miaka 20 hivi baada ya safari, na Lincoln alikuwa amekufa, hawezi kukanusha. Herndon alijiamini kwamba ana kipaji cha kusoma ndani ya mioyo ya watu, na alikuwa haelewani na mjane wa Lincoln. Mtu kama huyo hutiliwa shaka hata akiwa mkweli.

Pili, na hapa ndipo kambi hii ilipata nguvu, tayari kulikuwa na uvumi mwingine juu ya Nancy ambao ulithibitika kuwa uongo. Ilisemwa kwamba yeye na Thomas Lincoln, baba yake Abraham, hawakuoana kamwe. Watu walitafuta hati katika kaunti ya Hardin, Kentucky, walikoishi, wasiione, na wasifu wa Lincoln uliotoka 1872 kwa jina la rafiki yake Ward Hill Lamon ukauacha mlango wazi kwa dhana mbaya. Kule North Carolina wakazuka wanaodai kwamba baba halisi wa rais ni mtu aitwaye Abraham Enloe. Kumbe hati zilikuwa katika mahakama nyingine, kaunti ya Washington. Zilipofukuliwa miaka ya 1870 zikaonyesha dhamana ya ndoa ya tarehe 10 Juni 1806 na harusi iliyofungwa siku mbili baadaye na mchungaji wa Kimethodisti, Jesse Head. Sarah, mtoto wa kwanza, alizaliwa Februari 1807, na Abraham Februari 1809. Hakuna pengo la kumwingiza Enloe. Isitoshe, akina Hanks walikuwa wengi, na wanawake walioitwa Nancy Hanks hawakuwa mmoja wala wawili. Uvumi wa mmoja ulimwangukia mwingine kwa urahisi.

Tatu, ile dhamana ya 1806 ilitiwa sahihi na Richard Berry aliyejiita mlezi wa bibi harusi. Mlezi maana yake yatima, walisema. Na kwa kuwa katika familia ya Berry kulikuwa na mke wa ukoo wa Shipley, hapo ndipo iliposukwa nasaba mpya: Lucy alizaliwa Shipley, akaolewa na James Hanks, akamzaa Nancy kihalali, akafiwa na mume, kisha akaolewa tena na Henry Sparrow. Mtetezi mkubwa wa maelezo haya, Louis Warren, alikuwa mchungaji na mtafiti mvumilivu aliyekaa miaka mingi akipekua makabrasha ya Kentucky. Ni maelezo mazuri. Yanampa Nancy baba, yanamweka Lucy ndani ya ndoa, na yanaeleza kwa nini alikuwa na jina la Hanks alipoolewa mara ya pili. Tatizo lake ni hilo hilo: kila kitu kinaingia mahali pake kwa sababu kimetengenezwa kiingie.

Ninaielewa hasira iliyokuwa nyuma ya kazi hiyo. Kumwita mtu mwana haramu kwa neno la shahidi mmoja ni jambo zito, na waliomtetea Nancy walikuwa wameona tayari uongo mmoja ukianguka. Ila walifanya kosa ambalo hata sisi hulifanya tukishaushinda uvumi mmoja: walidhani na wa pili umekufa nao.

Kabla ya Warren kulikuwa na jaribio la 1899 la Caroline Hanks Hitchcock. Yeye aliupata wosia wa mzee Joseph Hanks wa kaunti ya Nelson, Kentucky, wa mwaka 1793. Mzee aliwapa wanawe wa kiume farasi na mabinti zake mitamba, na mmoja wa mabinti hao aliitwa Nancy. Wa kwake alikuwa mtamba aliyeitwa Peidy. Hitchcock akatangaza: huyu hapa Nancy, binti halali wa baba halali, mpaka ng'ombe wake tunamjua jina! Mwandishi maarufu Ida Tarbell alikubaliana naye, na kwa miaka kadhaa jambo likaonekana limekwisha. Halikuwa limekwisha. Nancy wa wosia ni mama mdogo wa Nancy tunayemzungumzia, yaani mdogo wake Lucy, na ni mama mzazi wa binamu yake Dennis Hanks, na mchungaji mwingine, William Barton, aliliweka wazi suala hilo miaka ya 1920. Cha kuangalia katika wosia ule ni jina lisilokuwemo. Watoto wanane wametajwa, wavulana watano na wasichana watatu. Lucy hayumo. Hakupewa mtamba.

Kwa nini hayumo, wosia hausemi. Inawezekana alikuwa ameshaolewa na kupewa chake. Lakini kumbukumbu za mahakama ya kaunti ya Mercer zinatupa sababu ya kufikiria vingine: Novemba 1789 Lucy Hanks alishtakiwa kwa uasherati. Miezi mitano baadaye, tarehe 26 Aprili 1790, karatasi nyingine ikaandikwa, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyaraka zote za kesi hii. Ni cheti kifupi cha kuruhusu ndoa. Ndani yake Lucy anathibitisha kwamba ana umri unaokubalika kisheria, na kwamba anatoa ridhaa yake kwa hiari Henry Sparrow achukue leseni, leo au siku nyingine yoyote. Tahajia inayumba, hata jina lake ameliandika “Lucey”. Lakini ameandika kwa mkono wake.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Huyu ni mwanamke wa Kentucky ya 1790, nchi ya walowezi ambamo wanaume wengi tu wenye mashamba waliweka alama ya msalaba badala ya sahihi. Ameshtakiwa hadharani kwa mwenendo wake. Hakuna baba aliyemsemea. Cheti hakikutolewa na mzazi wala kaka. Amechukua kalamu akasema yeye ni mtu mzima na anakubali. Mjukuu wake angekuja kupata umaarufu kwa sentensi fupi zilizonyooka, na mimi nikiulizwa kipaji hicho kilitoka wapi, ningeanza kutafuta kwenye kipande hiki cha karatasi kabla ya kwenda kugonga milango ya mabwana wa Virginia. Simaanishi kwamba uwezo wa kuandika hurithiwa katika damu. Ninachosema ni kwamba Lincoln na Herndon, walipotaka kueleza akili, waliiruka ile iliyokuwa na ushahidi wakaishika ile isiyokuwa nao.

Ndoa ya Lucy na Henry ilifungwa 1791. Kambi ya Warren inasema alikuwa mjane akiolewa mara ya pili. Hapo mabishano yalikwama kwa muda mrefu, kwa kuwa karatasi zilizobaki hazikutosha kumaliza kesi.

Kilichoikwamua ni utafiti wa vinasaba uliokamilika 2015. Kila mtu, mke kwa mume, hubeba DNA ya mitokondria aliyopewa na mama yake peke yake, ambaye naye aliipata kwa mama yake, kuendelea nyuma. Baba hachangii kitu hapo. Nancy mwenyewe hana mzao aliye hai kwa mnyororo huo: binti yake Sarah alikufa akijifungua mwaka 1828, na ukoo wa Abraham nao ulimalizika na kifo cha kitukuu wake wa mwisho mwaka 1985. Kwa hiyo watafiti waliwafuata wazao wa wanawake wengine wa ukoo, mama kwa mama, mpaka leo. Walikuta kwamba mnyororo wa Lucy unalingana na wa mabinti wengine wa Joseph Hanks na mkewe Ann Lee, wote wakiwa wa kundi adimu liitwalo X1c. Nasaba ya Shipley ikaanguka.

Uzito wa matokeo hayo huenda usionekane mara moja. Hayasemi lolote kuhusu baba yake Nancy, wala hayangeweza. Yanachosema ni kwamba Lucy alizaliwa Hanks, hakuolewa Hanks. Basi alipoandika “Lucey Hanks” kwenye cheti cha 1790 alikuwa akitumia jina la baba yake, kama msichana yeyote ambaye hajaolewa. Yule mume wa kwanza, James, hana kazi tena. Na Nancy, ambaye kwa mapokeo ya familia alizaliwa 1784, miaka sita kabla ya cheti, amebeba jina la mama yake kwa sababu hakuwa na jingine. Maelezo marefu ya miaka tisini yameangushwa na swali moja: huyu mwanamke aliitwa nani alipozaliwa?

Kuna udhaifu, nao utajwe. Kipimo hakikumgusa Nancy. Kumuunganisha yeye na Lucy bado ni kazi ya masimulizi. Ila masimulizi hayo yana shahidi wa ajabu. Dennis Hanks, binamu aliyeishi naye nyumba kwa nyumba, alimwonya Herndon mwaka 1866 asimwite Nancy kwa jina la Hanks bali Sparrow, kwa sababu ukimwita Hanks utakuwa umemfanya mtoto wa nje ya ndoa, jambo ambalo yeye alilikana. Dennis mwenyewe alizaliwa nje ya ndoa na Nancy yule wa wosia. Alijua fika jina la ukoo wa mama lina maana gani mtoto akilibeba. Katika kuficha, alituonyesha mahali penyewe pa kuchimba.

Nitoke njiani kidogo. Katika mitandao huzunguka madai kwamba Nancy alikuwa na asili ya Ethiopia, kwa hiyo Lincoln alikuwa mweusi, na ni madai yanayotufurahisha Waafrika kwa sababu zinazoeleweka. Maadui wa Lincoln nao walimpachika Uafrika ili kumtukana. Kijitabu cha wapinzani wake cha 1864 kilimwita “Abraham Africanus wa Kwanza”. Mtu akisoma kwamba X1, kundi kubwa ambalo X1c ni tawi lake, hupatikana zaidi Afrika Kaskazini, Pembe ya Afrika na Mashariki ya Kati, anaweza kuruka kiti kwa furaha. Asiruke. Mnyororo huo ni wa mtu mmoja kati ya maelfu ya mababu. Ukirudi vizazi kumi tu una nafasi 1,024 za wazazi, na DNA hii inamfuata mmoja wao. Umri wa kundi lenyewe ni wa maelfu ya miaka. Ann Lee alikuwa mwanamke wa Virginia kama majirani zake, na hakuna hati inayosema vingine. Hamu ya kumpata Lincoln awe wetu ina undugu na hamu ya Herndon ya kumpata awe wa mabwana: zote zinamtaka Nancy awe kitu kingine kuliko alivyokuwa.

Na alikuwa nini? Alilelewa kwa sehemu kubwa na mama yake mdogo Elizabeth, aliyeolewa na Thomas Sparrow, ndugu wa Henry. Ndiyo maana majirani walimzoea kwa jina la Nancy Sparrow. Tofauti na Lucy, hakufundishwa kuandika. Thomas Lincoln alipouza shamba lake la Mill Creek mwaka 1814, Nancy aliweka alama ya X kwenye hati. Dennis alisema alikuwa akiwasomea Biblia, na hizi habari mbili hazigombani sana, maana siku zile kusoma na kuandika vilifundishwa kama stadi mbili na wasichana wengi waliishia kwenye ya kwanza. Nathaniel Grigsby, jirani wa Indiana, alimkumbuka mwaka 1865 kama mwanamke mwenye nguvu ya akili isiyo ya kawaida, aliyempita mumewe kwa kila kitu. Grigsby hakuhitaji nasaba ili kusema hivyo. Alikuwa amemwona.

Kentucky walipoteza mashamba kwa migogoro ya hatimiliki, wakamzika mtoto wao wa tatu akiwa mchanga, na Desemba 1816 wakavuka mto Ohio kuingia Indiana. Lincoln aliandika baadaye kwamba walihama kwa sehemu kwa sababu ya utumwa, lakini hasa kwa shida ya hatimiliki. Huko Little Pigeon Creek walianzia kwenye kibanda cha upande mmoja wazi. Elizabeth na Thomas Sparrow wakawafuata mwaka uliofuata pamoja na Dennis.

Vuli ya 1818 ng'ombe waliolishwa msituni walianza kutetemeka. Kulikuwa na gugu lenye maua meupe, linaloota kivulini mwa miti, ambalo ng'ombe hulila majani mengine yakiadimika. Sumu yake hupita kwenye maziwa. Anayekunywa huishiwa nguvu, hutapika, pumzi hubadilika harufu, na baada ya siku kadhaa hufa. Walowezi waliuita ugonjwa wa maziwa bila kujua unatoka kwenye gugu gani. Sumu yenyewe ilitambuliwa na wataalamu karne iliyofuata. Septemba wakafa Elizabeth na Thomas Sparrow. Nancy akafa tarehe 5 Oktoba. Daktari wa karibu alikuwa zaidi ya maili 30, kwa maelezo ya Dennis. Thomas Lincoln akapasua mbao za jeneza, na Dennis anasema kijana Abraham alichonga vigingi vya mti vya kulifungia.

Kaburi halikuwekewa jiwe. Lincoln alirudi eneo lile mwaka 1844 katika kampeni, akiwa wakili mwenye kipato, akaguswa kiasi cha kuandika shairi kuhusu nyumba ya utotoni, lakini jiwe hakuweka. Jiwe lilikuja 1879, kwa fedha za Peter Studebaker, tajiri wa kiwanda cha magari ya farasi. Simlaumu Lincoln, kila mtu na msiba wake. Nalitaja kwa sababu picha ya malaika iliyouzwa kwa umma tangu 1866 haina nafasi ya jambo kama hili, kama ilivyokosa nafasi ya alama ya X na ya Lucy mbele ya mahakama.

Lincoln mwenyewe aliacha maneno machache sana. Mwaka 1859, alipoombwa na rafiki yake Jesse Fell maelezo ya maisha yake, alisema wazazi wake walizaliwa Virginia katika familia zisizo na jina, familia za daraja la pili, pengine niseme hivyo, akaongeza. Kwa upande wa baba alifika kwa babu yake aliyeuawa Kentucky, na hata kwa wazee wa babu huyo. Mama yake akapata jina la ukoo na kaunti mbili ambako baadhi ya ndugu waliishi. Kambi ya Warren inasema huo ni ufupi wa kawaida wa mtu mnyenyekevu. Mimi nauona ni ufupi wa mtu anayejua hasa mahali pa kusimama, na kama Herndon alisema kweli, basi alijua.

Tuna methali kwamba kitanda hakizai haramu, na mtu angeweza kusema kesi nzima ingefaa kuishia hapo. Lakini methali hiyo humsafisha mtoto; mama bado huachwa na hukumu yake. Na kwa Lucy hukumu imekaa muda mrefu kuliko maisha yake. Alipoolewa na Henry Sparrow hakupotea. Walizaa watoto wanane. Watu wa kanda ile walimheshimu kama mama Mkristo aliyelea vizuri, na wawili kati ya wanawe wa kiume wakawa wahubiri, kazi ambayo kule mpakani mtu aliipata kwa kusoma Kitabu na kwa ulimi. Baba yao hana fumbo lolote: ni Henry, mkulima wa Kentucky. Mama yao ni yule yule aliyeandika “Lucey Hanks” mwaka 1790. Na hakuna mwanahistoria hata mmoja aliyewahi kuhitaji bwana shamba wa Virginia ili aeleze ufasaha wa akina Sparrow.